Mshika Bakuli Aliyeililia Ijumaa

Tumepokea kutoka kwa walimu wetu, nao walipokea kwa walimu wao, na ukweli wote uko kwa Mwenyezi Mungu, ya kwamba katika nchi ya Khorasani palikuwa na mji mdogo chini ya mlima mkavu. Jina la mji wasimulizi wamehitilafiana, wala mimi sitagombana na mtu kwa ajili ya jina. Tunachokijua ni kwamba mvua huko ilikuwa adimu, na mji mzima uliishi kwa chemchemi moja iliyotoka ubavuni mwa mlima. Mwenye sehemu katika chemchemi ile alikuwa na shamba, na asiyekuwa nayo alikuwa na vumbi.

Wenye haki ya maji hayo walikuwa watu arubaini na mmoja, kila mmoja na siku yake na wakati wake. Wazee wao walipata kupigana majembe hata damu ikachuruzika ndani ya mfereji, kila mtu akidai kaibiwa. Ndipo liwali wa nchi akaweka sheria. Aliamuru kiwekwe chungu kikubwa cha maji juu ya kilima, pale mfereji unapogawanyika, na ndani ya chungu lielee bakuli jepesi la shaba lenye tundu dogo chini, tundu la kupita sindano tu. Maji huingia polepole kwa tundu lile mpaka bakuli likazama. Likizama mara moja, hicho ni kipimo kimoja, na kokoto moja hutiwa kapuni. Huyu ana vipimo vinne, yule sita, yule viwili. Vikitimia, ubao wa mfereji husogezwa na maji yakaenda kwa mwingine. Jua likichwa zamu zote hukoma, hata kama mtu hajamaliza, na maji ya usiku huwa ya birika la mji.

Kazi ya kulitazama bakuli alipewa mtumishi wa serikali, aliyeapishwa kwa Mus-haf mbele ya kadhi. Na sheria ilimfunga barabara. Tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa hakuwa na ruhusa ya kuliacha bakuli, ila ashike mahali pake mmoja wa wale wenye maji, naye awe amekula kiapo. Watu wa nyumba ya mtumishi hawakuruhusiwa, isije ikasemwa kuwa mkewe kampendelea ndugu yake. Katika zama za kisa chetu, mtumishi huyo alikuwa Wahbi bin Mirdasi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mtu mwembamba, mpole, mwenye macho mekundu kwa kutazama maji yanayometa juani mchana kutwa.

Siku sita za wiki Wahbi hakuwa na malalamiko. Adhuhuri ikiingia, alilitua bakuli juu ya maji, akapiga takbira hapo hapo, akasali rakaa zake nne, akatoa salamu, na bakuli bado linaelea. Alikwisha kuzoea. Lakini Ijumaa! Ijumaa ilikuwa jeraha lake. Ijumaa mji mzima ulioga, ukajipaka manukato, ukamiminika msikitini, na yeye akaachwa peke yake kilimani na chungu chake. Aliziona kanzu nyeupe zikiingia mlangoni moja baada ya moja. Aliisikia adhana. Kisha upepo ukivuma kutoka bondeni ulimletea ile “Amina” ya watu mia tatu kwa pamoja, na kila alipoisikia aligeuza uso kama mtu aliyechungulia karamu ya nyumba asiyoalikwa.

Mwaka wa kwanza alimwendea Kadhi Ghassani, aliyekuwa kadhi wa mji, mzee mfupi wa maneno. Akamuuliza, “Bwana Kadhi, je, nina dhambi?”

“Huna,” akajibu kadhi. “Wewe ni mlinzi wa haki za watu, na mlinzi ana udhuru. Sali adhuhuri hapo ulipo.”

Basi ruhusa ile ilimwondolea dhambi, lakini haikumwondolea hamu. Maana hamu, ndugu zangu, haisikii fatwa. Alizunguka kwa wenye maji mmoja mmoja akiomba wampokee Ijumaa moja tu, saa moja tu. Kila mmoja alimwonea huruma na kila mmoja alikuwa na jibu lile lile, kwamba yeye naye ana Ijumaa yake. Mmoja alikubali kwa moyo mkunjufu, akala kiapo, akapanda kilima. Muadhini aliponadi, yule bwana akaanza kuhangaika, mara anasimama, mara anakaa, mwisho akafunga viatu vyake mbio mbio. “Nisamehe, Bwana Wahbi. Nikikaa hapa nitaikosa Ijumaa!” Akateremka mbio. Wahbi alicheka, wallahi alicheka sana, kisha kicheko kikageuka kilio.

Mkewe, Bi Arwa, alikuwa akienda msikitini upande wa wanawake, na akirudi ilimbidi amsimulie mumewe hotuba nzima. “Khatibu kasema nini leo?”

“Kasema tumche Mungu.”

“Na baadaye?”

“Baadaye kasema tena tumche Mungu. Mume wangu, nami nina masikio mawili tu!” Lakini akiona uso wake umenywea, Bi Arwa alikuwa akiketi karibu naye akamsimulia yote, aya kwa aya, pamoja na kikohozi cha khatibu. Wahbi alisikiliza amefumba macho. Hivyo ikapita miaka kumi na moja.

Ilipofika Ijumaa moja ya mwisho wa kiangazi, maji mchana huo yalikuwa yakienda kwa Dilami, mwenye shamba la makomamanga, tajiri wa maneno kuliko wa subira. Wahbi alilitua bakuli akapiga takbira kama desturi yake. Upepo siku hiyo ulikuwa wa kusini, na kisomo cha imamu kikamjia kikiwa wazi, neno kwa neno, tangu alipoanza kukaa pale hakupata kukisikia hivyo. Ikaja Amina. Wahbi, aliyekuwa akisali adhuhuri yake peke yake, akajikuta anatetemeka mabega. Alipofika katika sijida ya mwisho, paji lake la uso likagusa mchanga na hakutaka kuliinua. Akasema moyoni, Mola wangu, hata mara moja? Hata mara moja tu niwe bega kwa bega na waja wako? Akalia, akalia, mchanga ukalowa, na akasahau kuwa kuna chungu duniani.

Alipotoa salamu, bakuli halikuonekana. Lilikuwa limelala chini ya chungu, limetulia, lina muda wake. Alitazama kivuli cha kijiti alichokisimika kupimia wakati. Kipimo kizima kilikuwa kimepita bila kuhesabiwa. Makomamanga ya Dilami yalikunywa mpaka yakabeua, na maji ambayo yangekuwa yamefika kwa wengine yalikuwa bado kwake.

Sasa ona jinsi nafsi inavyomchezea mwanadamu. Wahbi, aliyekuwa analia mbele ya Mola wake punde hivi, alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu. Akalitoa bakuli, akatia kokoto moja kapuni mahali pa mbili, akausogeza ubao, akanyamaza kimya.

Hasara ikasukumwa kutoka zamu hadi zamu mpaka ikamwangukia wa mwisho wa siku ile. Huyo alikuwa Bi Shirini binti Yuhana, mjane Mnasara. Katika wenye maji wote arubaini na mmoja, arubaini walikuwa wanaume wa Kiislamu, na wa arubaini na moja alikuwa yeye, aliyerithi shamba dogo la mboga kwa marehemu mumewe. Alikuwa na zamu mbili kwa wiki, moja fupi Ijumaa kabla ya jua kuchwa, na moja ndefu Jumapili asubuhi. Ijumaa ile jua lilikuchwa kabla vipimo vyake havijatimia. Akapanda kilima na jembe begani, miguu imejaa tope.

“Masalkheri, Bwana Wahbi. Leo maji yangu yamekatika mapema. Matuta mawili ya mabilingani hayakuonja hata tone. Pana nini?”

Na Wahbi, mtu wa kiapo, mtu wa sijida ndefu, akafungua mdomo akasema, “Chemchemi imepungua, Bi Shirini. Ni kiangazi.”

“Basi ukisema wewe, ndivyo,” akajibu mama yule. Hakuuliza la pili. Akamuaga, akateremka zake.

Laiti angegomba! Laiti angemtukana! Neno lile la kumwamini lilimchoma Wahbi kuliko kaa la moto. Nyumbani hakula. Bi Arwa alianza kumsimulia hotuba, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Wahbi akasema, “Leo usinisimulie. Sistahili.” Mkewe akamtazama, akaondoa sahani.

Jumamosi alikaa na bakuli akijitetea nafsini. Nilisahau tu, na msahaulifu hana lawama. Nilikuwa katika ibada, sikuwa katika upuuzi. Nikisema, nitafukuzwa, na majembe yatatoka tena. Kisha likamjia wazo jingine. Nikifukuzwa, Ijumaa itakuwa yangu! Hakuna tena chungu wala bakuli. Nitakwenda msikitini tangu alfajiri nikae safu ya mbele. Akaona hata ukweli wenyewe ameuchanganya na tamaa, hajui tena akiungama atakuwa anamtii Mungu au anajitafutia njia ya kutokea. Akafadhaika sana mtu yule.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya Bi Shirini. Shamba lake lilikuwa chini kidogo ya kilima, na Wahbi alimwona vizuri, ameinama, anafungua tuta hili na kufunga lile, maana maji ya matuta ya mboga hayaachwi yajiendee, yanahitaji mtu mwenye jembe kila hatua. Ndipo ng'ambo ya bonde, kule Wanasara walikokuwa na kanisa lao dogo la udongo, ukaanza kugongwa ubao wa kuwaita watu kwenye sala. Ko, ko, ko. Bi Shirini aliinuka. Akageuka upande wa sauti ile, jembe mkononi, akafanya ishara ya dini yake kifuani, akasimama. Akasimama mpaka maji yakafurika kwenye tuta na kuanza kumwagika njiani, naye haoni, haoni chochote, uso umeelekea kule. Kisha akashtuka, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, akainama tena kuziba maji.

Wahbi alikuwa amemwona mwanamke yule Jumapili zote za miaka tisa tangu afiwe. Alimwona akiinuka, akamwona akiinama, wala hakupata kujiuliza anainukia nini. Leo alijua. Aliijua hali ile kama ajuavyo kiganja chake. Na aliyeusogeza ubao kila Jumapili asubuhi ile ile, akapeleka maji shambani kwa mama yule na kumfunga pale na jembe lake wakati wenziwe wanaingia katika sala, ni nani? Ni yeye Wahbi, mkono wake mwenyewe, huku machozi ya Ijumaa yake hayajakauka.

“Lahaula!” akasema peke yake. Akaweka mikono kichwani.

Jua lilipokuchwa na bakuli likawekwa, alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa shamba lile, akasimama nje ya ua kama inavyostahili, akaita. Mama akatoka.

“Bi Shirini, chemchemi haikupungua. Nilikudanganya. Ijumaa bakuli lilizama nisilione, nami nikaficha. Nilikuwa nimesujudu.”

“Ulikuwa unaomba nini hata ukasahau bakuli?” akauliza mama yule.

“Sikuwa naomba. Nilikuwa naililia Ijumaa.”

Bi Shirini akaketi juu ya jiwe, taratibu, kama aliyechoka ghafla. “Mimi huililia Jumapili,” akasema. “Miaka tisa sijaingia kanisani siku yake. Humega mkate wa ibada na wenzangu katika ndoto tu. Mume wangu alipokuwa hai, alimwagilia yeye nami nikaenda, au nilimwagilia mimi akaenda yeye. Sasa niko peke yangu, nikiacha zamu ninakufa njaa.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningemwambia nani? Sheria ni ya liwali, maji ni ya zamu, na Jumapili ni yangu mimi tu hapa.” Kisha akaongeza kwa haraka, “Usiende kwa kadhi, Bwana Wahbi. Mabilingani mawili matatu si kitu. Watakuondoa, nao watatuwekea mwizi.”

“Nitakwenda,” akasema Wahbi. “Niliapa.”

Lakini hukumu hukaliwa mchana, na mchana angekwendaje, naye haliachi bakuli? Alimtuma Bi Arwa apeleke habari. Kadhi Ghassani aliposikia, akashika mkongojo wake akapanda kilima mwenyewe siku ya Jumatatu, na wenye maji wote wakapanda nyuma yake. Hukumu ikakaliwa pale pale, kuzunguka chungu. Wahbi akaeleza yote, kusahau kwake na uongo wake, macho yakiwa kwenye bakuli. Katikati ya maelezo akainua mkono. “Ngoja kidogo, Bwana Kadhi.” Akalitoa bakuli lililozama, akatia kokoto, akasogeza ubao, akalitua tena. “Naam. Nilikuwa nasema, nikamwambia chemchemi imepungua, nami najua haikupungua.” Watu wengine walitaka kucheka, wengine kulia.

“Na mimi nina jingine la kusema,” akaendelea. “Naogopa kwamba ninaungama ili nifukuzwe, niende Ijumaa. Sijui nia yangu. Nihukumu ukijua hilo.”

Dilami akaruka. “Ebo! Basi afukuzwe! Mtu anayesinzia kwenye sijida tutamwachiaje maji?”

“Maji yalikwenda kwako, Bwana Dilami,” akasema kadhi kwa upole. “Shamba lilipolowa kupita kiasi, uliona au hukuona?” Dilami akajikuna shingo.

Kadhi akamgeukia mjane. “Mwenye haki ni wewe, Bi Shirini. Wataka nini?”

Mama yule alikuwa amesimama mbali kidogo na wanaume, mtandio ameubana kwa mkono. “Kipimo changu kimoja nirudishiwe kutoka zamu ya Bwana Dilami,” akasema. “Na Bwana Wahbi aachwe kazini. Huyu amekuja kunieleza kosa ambalo nisingelijua mpaka kufa. Mwingine angenyamaza, nasi tungemwita mwaminifu.” “Na saa ya Ijumaa nitalishika bakuli mimi.”

Kilima kikalipuka kwa maneno. Dilami sauti yake ilikuwa juu ya zote. “Mnasara ashike maji ya Waislamu arubaini? Hayo tumeyaona wapi?”

“Sheria imesema nini?” akauliza kadhi. “Imesema mmoja wa wenye maji, naye awe amekula kiapo. Haikusema wa sala gani. Huyu ni mwenye maji, na ataapa kwa Yule aliyemteremshia Isa Injili, naye ni Mola wetu na Mola wake.” Akawatazama mmoja mmoja. “Miaka kumi na moja ndugu yenu huyu anatafuta mtu asiye na Ijumaa, anamtafuta kwa watu wenye Ijumaa. Nanyi mmekuwa mkimpita mama huyu njiani kila siku. Na mimi nimo. Mimi niliyempa fatwa ya udhuru nikaenda zangu kusali, nikaona nimemaliza kazi.”

“Na akiwaibia watu kwa kukata vipimo mapema?” Dilami hakukubali kushindwa.

Akajibu Bi Shirini mwenyewe. “Nikikata mapema nitakuwa nimevunja kiapo, na wewe utakuta shamba lako kavu, utapiga kelele mji mzima usikie. Nikichelewesha nitakuwa nimejiibia mwenyewe, maana wa mwisho siku hiyo ni mimi. Nani atalikodolea macho bakuli lile kuliko mimi?” Wazee wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba maneno hayo yana uzito.

Furaha ilimpanda Wahbi. Ijumaa ilikuwa imefika mkononi mwake! Angenyamaza tu, ingekuwa yake. Lakini alilitazama bakuli, akasema, “Sikubali.”

“Ala!” wakasema watu.

“Sikubali kwenda kwenye siku yangu kwa mgongo wa mtu niliyemzuilia yake. Kwanza zamu yake ya Jumapili ibadilishwe na ya mtu mwingine, siku nyingine. Atakayeichukua aseme hapa hapa.”

Watu arubaini wakatazama chini. Jumapili asubuhi zamu ni ile ile, maji ni yale yale, lakini kila mtu ameipangilia wiki yake, na kubadilisha ni usumbufu. Bakuli likazama, Wahbi akalitoa, akalitua, na bado kimya. Bi Shirini alikuwa ametazama mbali, ng'ambo ya bonde, hana tumaini usoni, ila hakuondoka.

Aliyevunja kimya kile ni Dilami, tena kwa hasira, maana hakujua njia nyingine ya kusema jambo jema. “Nipeni mimi hiyo Jumapili! Achukue Jumanne yangu. Kwani makomamanga yanajua siku? Lakini maji yakichelewa hata kidogo, mtanisikia!”

“Tutakusikia,” akasema kadhi, “na Mwenyezi Mungu amekwisha kukusikia.”

Kisha uso wa kadhi ukawa mzito. “Wahbi, kupitiliza kwako kulikuwa usahaulifu, na hilo Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini neno ‘chemchemi imepungua’ halikuwa usahaulifu. Ulilisema ukiwa umevaa kiapo cha watu. Kazini utabaki. Adhabu yako ni Ijumaa arubaini. Arubaini nyingine utazikaa hapa hapa na bakuli lako, ndipo Bi Shirini akupokee. Yeye Jumapili yake inaanza wiki hii.”

Bi Shirini akasihi apunguziwe. Hata Dilami alisema arubaini ni nyingi. Wahbi akakataa. “Miaka kumi na moja nimengoja kwa manung'uniko,” akasema. “Hizi arubaini nitangoja kwa radhi.”

Jumapili iliyofuata, ubao wa kanisa ulipogongwa, Wahbi aliinua uso akamwona Bi Shirini akivuka bonde, amevaa nguo safi, mikono mitupu bila jembe, anakwenda upesi upesi kama msichana. Hapo alipo alimhimidi Mola wake. Na Ijumaa zikapita, moja baada ya moja, za baridi na za upepo na za mvua ile chache. Hamu haikupungua hata kidogo. Tena wapo wanaosema iliongezeka, kwa kuwa sasa ilikuwa na mwisho unaohesabika. Lakini aliisikia Amina ikipanda kilima na hakugeuza uso tena. Aliielekea, akaitikia peke yake kwa sauti.

Ijumaa ya arubaini na moja Bi Shirini alipanda kilima mapema, akaketi penye chungu, akakaza macho kwenye maji. “Nenda,” akasema. “Na usiangalie nyuma, utanichanganya.”

Wahbi akateremka. Mlangoni pa msikiti miguu ilikataa, mpaka mtu mmoja akamshika mkono akamwingiza. Safu ikamfanyia nafasi. Bega moja upande huu, bega jingine upande ule, na joto la watu, na harufu ya udi na jasho la wakulima. Imamu akamaliza Fatiha. Msikiti ukasema Amina, na Wahbi, aliyekuwa akiingoja kwa umri mzima, hakuweza kuitoa. Midomo ilitetemeka tu. Alipoanguka katika sijida, alikuwa na maombi ya miaka kumi na miwili yamejipanga kifuani. Hakupata hata moja. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, “Mola wangu, mama aliye kilimani, usimwache peke yake.” Na la pili halikuja, kwa wingi wa machozi.

Enyi mnaonisikiliza, wengi wenu mmeshika jambo la watu. Huyu ana mhuri, yule ana ufunguo, yule anakaa mezani watu wanapanga foleni mbele yake. Na mna haki ya kudai saa ya Mola wenu, idaini, wala msione haya. Lakini mkiwa katika kuidai, inueni macho kidogo mtazame ni nani amesimama mbele yenu na jembe mkononi, uso umeelekea mahali ambapo nyinyi ndio mliomzuia asiende. Mwenyezi Mungu atufungulie milango tunayoililia, na atuonyeshe ile tuliyowafungia wengine kabla hajatuuliza juu yake.